Kanisa letu Katuba linataka kufungua biro ya msaada wa sheria bila malipo. Tuanzie wapi?

MamaDiakonia, Katuba

Jambo yenu wandugu. Nauliza kwa ajili ya kanisa letu hapa Katuba, Lubumbashi, Kongo. Mwenye nafasi anijibu kwa kirefu, maana Jumapili ijayo tuna kikao cha wazee na sitaki kwenda mikono mitupu.

Mimi ndiye ninayeangalia diakonia. Kazi zetu za kawaida tunazijua: wagonjwa walioko hospitali ya Sendwe, watoto waliofukuzwa shule kwa sababu ya minervali, yaani karo, matanga, unga wa bukari kwa wazee wasio na mtu. Lakini siku hizi shida nyingi zinazobisha mlangoni kwangu ni za karatasi. Mama mmoja wa kwaya alifiwa na mume. Matanga hayajaisha, shemeji zake wamekwisha badilisha kufuli ya nyumba ndogo ya nyuma aliyokuwa anapangisha, na kodi ya nyumba hiyo ndiyo ilikuwa inasomesha watoto. Tukafanya tunachokijua. Tukachanga, tukamwombea, tukamtuma mchungaji akaongee na ukoo. Wale shemeji wakampokea mchungaji kwa heshima zote, wakampa kiti na Fanta baridi, wakamsikiliza mpaka mwisho. Kufuli haikuguswa.

Kanisani tuna avoka (mawakili) wawili, na kijana anayemaliza masomo ya sheria pale UNILU, chuo kikuu cha Lubumbashi. Wote watatu wako tayari kujitolea Jumamosi asubuhi. Mchungaji amekubali. Wanaosita ni wazee wachache. Mmoja anasema Paulo aliwakemea Wakorintho kwa kushitakiana mbele ya mahakimu. Mwingine anaogopa kwamba tukifungua mlango, Katuba nzima itaingia, hata wasio wa kanisa letu.

Basi wanaoijua kazi hii, tuanze na nini? Gharama za tribinali (mahakama) zitalipwa na nani? Tupokee kila mtu, au waamini wetu tu? Na je, tunahitaji kibali?

Karani mstaafu, Kamalondo

Mama, asante kwa kuuliza kabla ya kufungua. Nilifanya kazi ya ukarani wa tribinali, ile tunayoiita grefie, mpaka nilipostaafu. Parokia yetu ikaniomba nisaidie upande wa Haki na Amani, na Jumamosi zangu nazipitisha kwenye meza nyuma ya ukumbi wa katekisimu. Nitakuandikia ninayoyaona pale.

Msianze na kesi, anzeni na karatasi. Mtu akisikia msaada wa sheria, anamwona avoka mwenye joho amesimama mbele ya hakimu. Siku hiyo inaweza kufika, lakini ikifika, mara nyingi mambo yamekwisha haribika. Nimekaa grefe, ofisi ya makarani wa tribinali, muda mrefu nikiwaona watu wenye haki yao kabisa wakishindwa. Haki yao haikuwa imeandikwa popote, au iliandikwa kwa Kifaransa wakaikunja bila kuisoma, au waliisoma siku zikiwa zimepita.

Kuna mama alikuja kwetu kuuliza habari ya cheti cha kuzaliwa cha mjukuu. Karatasi zake zote zilikuwa ndani ya mfuko wa plastiki wa chumvi, zimebanana na kadi za kliniki na risiti za umeme za Snel. Akivuta moja, ikatoka nyingine yenye muhuri wa tribinali. Nikamwomba niitazame. Ilikuwa hukumu iliyotolewa yeye akiwa hayupo, katika kesi ya parseli (kiwanja) yake. Hwisie, mtumishi wa tribinali anayepeleka barua zake, alimletea nyumbani, yeye akaweka sahihi kwa kuwa yule bwana alikuwa na haraka, na alidhani ni mambo ya kodi ya komini (manispaa). Kuipinga hukumu ya namna hiyo ni siku 15 tangu ukabidhiwe mkononi. Kukata rufaa ni siku 30. Nikahesabu kutoka tarehe ya mkono wa hwisie: zilibaki siku mbili. Tulimpigia avoka wetu simu palepale, na Jumatatu asubuhi pingamizi likaingia grefe. Kama ule mfuko ungekaa wiki moja zaidi chini ya godoro, ingebaki njia ya rufaa tu, ambayo ni ndefu zaidi na inakula pesa zaidi.

Ndiyo maana nasema karatasi. Na hapa kanisa lina nafasi ambayo tribinali haina. Tribinali inakutana na familia siku ya ugomvi. Ninyi mko nayo siku ya ubatizo, siku ya ndoa, siku ya matanga, na hizo ndizo siku karatasi zinapotakiwa kuandikwa. Mtoto anapoletwa kubatizwa, katekista aulize: ameandikishwa komini? Sheria ya ulinzi wa mtoto ya 2009 inatoa siku 90 tangu kuzaliwa, na kuandikisha ndani ya muda huo ni bure. Zikipita, mzazi anapaswa kupitia kwa hakimu kutafuta hukumu itakayoshika nafasi ya cheti, na hapo ndipo gharama na safari zinapoanza. Wachumba wanapokuja kufundishwa ndoa, msiwaache waende madhabahuni bila kuwauliza ya komini. Wapo watu wamekaa katika ndoa ya kanisa miaka 30, mahari ilitolewa, picha ziko ukutani, na mbele ya serikali hakuna kitu. Serikali inaijua ndoa iliyofungwa mbele ya ofisa wa hali ya kiraia, yule anayeandikisha ndoa komini, au ile ya kimila iliyopelekwa kuandikishwa kwake.

Sasa huyo mama wa kwaya. Jambo la kwanza la kumwuliza ni hilo hilo: ndoa iliandikwa? Kama iliandikwa, na hawakuchagua mpango mwingine wa mali, basi kwa Kanuni ya Familia ya 1987, iliyorekebishwa 2016, walichochuma wakiwa pamoja ni cha wote wawili. Kwa hiyo kabla neno urithi halijatamkwa, nusu ya mama inatoka kwanza. Kinachogawiwa ni sehemu ya marehemu tu. Katika sehemu hiyo, watoto ndio daraja la kwanza na wanachukua robo tatu. Robo inayobaki ndiyo wanaingia mjane, wazazi wa marehemu na ndugu zake. Tena mjane ana haki ya kuendelea kuitumia nyumba waliyokuwa wanaishi na vyombo vilivyomo. Watoto waliozaliwa nje ya ndoa nao ni wa daraja la kwanza, mradi baba aliwatambua rasmi akiwa hai, na hilo pia ni karatasi.

Mchungaji wenu alikwenda na maneno mazuri. Safari ijayo aende na avoka na hesabu hiyo imeandikwa kwa Kiswahili, na amsomee mkubwa wa ukoo taratibu, bila kumtukana. Nimeona funguo zikirudishwa hapo hapo sebuleni. Wasiporudisha, hakuna kilichopotea, mnaendelea Tripaix, tribinali ya amani, na barua yenu mkononi.

Kuhusu nani apokelewe: kila mtu. Mkianza kuuliza kadi ya ubatizo mlangoni, fungeni tu.

Mzee wa kanisa, Kenya

Nawasalimu kutoka Kenya, komini ya hapa Lubumbashi. Mimi ni mmoja wa hao wazee wanaosita, ingawa si wa kanisa la huyu mama. Naomba msituone kama watu wasiowapenda wajane. Nimeona makanisa mawili yakipasuka kwa kesi. Ndugu na ndugu wanapanda tribinali, kila mmoja na avoka wake, mwisho parseli inauzwa ili kulipa maavoka, na hawasalimiani tena hata kwenye matanga. Paulo katika Wakorintho ya kwanza, sura ya 6, alikuwa anaona hilo hilo. Kazi ya kanisa ni kupatanisha. Mkiweka maavoka kwenye ukumbi wa kanisa, watu wataacha kuja kupatanishwa, watakuja kutafuta silaha.

Karani mstaafu, Kamalondo

Mzee wangu, umesema jambo la kweli na nimeliona kutoka upande wa grefe: kesi iliyoahirishwa mpaka waliofungua wamekufa, watoto wao ndio wanakuja kusikiliza. Kwenye meza yetu, ugomvi wa mpaka, deni, mpangaji na mwenye nyumba, ndugu na ndugu kwa shamba la baba, tunajaribu kwanza kuwakalisha. Wakielewana tunaandika, wote wanatia sahihi, mashahidi wawili, kila mmoja anaondoka na nakala. Mengi yanaishia hapo. Lakini mapatano yana maana pale ambapo wote wawili wanajua wanachokiacha. Mjane asiyejua kwamba nusu ni yake, akikubali chumba kimoja na baiskeli, hapo hakuna aliyepatanishwa. Amenyamazishwa, tena mbele ya mchungaji.

Na kuna mambo ambayo kanisa halina ruhusa ya kupatanisha hata kidogo. Naomba niliseme wazi kwa sababu linanichoma. Msichana akinajisiwa, familia mbili zinakutana usiku, mbuzi mbili na dolari kadhaa zinatoka, na mara nyingine mtu wa kanisa ndiye anayeongoza sala ya kufunga. Sheria ya 2006 juu ya ubakaji imekata mambo hayo. Mwenye umri chini ya miaka 18 hahesabiwi kuwa amekubali. Faini ya kumalizana na polisi haifanyi kazi katika makosa ya namna hiyo, na mapatano ya familia hayafuti kesi. Mtoto aende kwa daktari siku ile ile, kwanza kwa ajili ya uhai wake, pili kwa ajili ya karatasi ya daktari. Wazee wa kanisa wakae mbali na hiyo mbuzi.

Paulo aliwaandikia watu walioweza kutafuta mwenye hekima katikati yao. Sisi tunatafuta huyo mwenye hekima, tunamweka kwenye meza Jumamosi. Na yule mjane wa Luka 18, aliyekuwa anamsumbua hakimu kila siku, Bwana hakumwambia arudi nyumbani.

Mzee wa kanisa, Kenya

Hilo la watoto nakubaliana nawe kwa moyo wote. La mapatano yaliyoandikwa nitalipeleka kwa wenzangu.

Avoka kijana

Naongeza kidogo upande wa Baro, chama cha maavoka, kwa sababu mama aliuliza habari ya kibali na gharama.

Kama kanisa lenu lina utu wa kisheria kama shirika lisilo la faida, huduma hii inaweza kukaa chini yake, kama zahanati au shule. Ninachowashauri ni maavoka wenu wamwandikie Batonie, mkuu wa Baro, kumweleza. Avoka anafungwa na maadili ya Baro hata akiwa ukumbini mwa kanisa: siri ya mteja, kutotafuta wateja, kutoshika pande mbili za ugomvi mmoja. Hili la mwisho litawagusa haraka, maana Katuba mume na mke watakuja wote wawili, mmoja saa tatu, mwingine saa nne. Mkishampokea mmoja, wa pili mpelekeni kwa avoka mwingine.

Huyo kijana wa UNILU anaweza kusikiliza, kuandika, kusoma barua, kusindikiza watu komini. Asisimame tribinali kumtetea mtu, na asitie sahihi kama avoka.

Kuhusu pesa: sheria ya 1979 iliyopanga kazi ya uavoka inalitaka Baraza la Baro liwe na biro ya kuwashauri na kuwatetea wasio na kipato. Hiyo ndiyo BCG, biro ya ushauri wa bure, watu wengi wameisikia bila kujua mlango wake. Biro yenu isishindane nayo, iwe njia ya kuifikia. Mtu asiye na uwezo anatafuta cheti cha umaskini kwenye huduma ya mambo ya kijamii, na kwa cheti hicho anaweza kuomba asamehewe gharama za tribinali. Anayekwenda peke yake kukitafuta anaambiwa arudi kesho. Akisindikizwa na mtu wa kanisa mwenye barua, kazi inatembea.

Na jitayarishieni simu za kasho, yaani mahabusu ya polisi. Zitakuja hata Jumapili katikati ya ibada. Katiba ya 2006, kifungu cha 18: mtu hakai chini ya ulinzi wa polisi zaidi ya saa 48, zikiisha anaachiliwa au anapelekwa mbele ya mwenye mamlaka ya kisheria. Na ana haki ya kuwasiliana mara moja na familia yake au avoka wake. Mfundisheni kila kiongozi wa kanisa kuuliza maswali mawili tu akifika pale: aliingia saa ngapi, na anashitakiwa kosa gani? Aandike majibu mbele ya macho ya ofisa. Nimeona milango ikifunguka kwa sababu ya kalamu tu.

Mama wa makala, Ruashi

Mimi sijui sheria, nauza makala, yaani mkaa. Nataka niseme kilichonisaidia mimi.

Mume wangu alipokufa, karatasi ya parseli, ile livre de lojere ya zamani, ilikuwa mikononi mwa kaka yake. Alisema anaitunza. Baadaye akaja na mtu wa kupima, wanapita pembeni ya jiko langu wananyoosha kamba kama mimi sipo. Nilikwenda kwenye biro fulani, kila mtu aliyeniongelesha alitaka kwanza cha kalamu, cha karatasi, cha usafiri. Niliuza sufuria zangu kubwa za matanga kwa mambo hayo, sikupata kitu.

Kanisani kwa jirani yangu ndiko nilikutana na dada mmoja avoka. Kitu alichonifanyia siku ya kwanza: alisoma kila karatasi yangu kwa sauti, kwa Kiswahili, kutoka juu mpaka chini. Hata mihuri aliniambia ni ya nani. Hakuna aliyewahi kunisomea. Halafu akaniambia ni zipi zina nguvu na ni zipi hazina. Nikalala usingizi siku ile, ingawa kesi ilikuwa haijaanza hata.

Kesi ilichukua muda. Kaka ya mume alitaka awe ndiye mwenye kugawa urithi, sisi tukaonyesha kwamba mtoto wangu wa kwanza ni mtu mzima na ndiye mrithi. Mwisho tulielewana mbele ya hakimu. Parseli iko kwa jina la watoto, mimi niko ndani, jiko langu liko mahali pake.

Mama wa Katuba, usiache watu wasimame kwenye mstari nje wakisikika na wote. Shida ya nyumba ni aibu. Kama ningepaswa kuisimulia mbele ya watu wa soko, nisingesema neno.

Karani mstaafu, Kamalondo

Mama wa Ruashi amegusa jambo ambalo nilikuwa sijalifikia. Siri. Mchungaji asitangaze kutoka mimbarani kwamba tumuombee dada fulani ambaye ana kesi na shemeji zake. Hata kwa nia njema. Shemeji naye ana rafiki kwenye kiti cha nyuma, na kabla ya baraka za mwisho upande wa pili umejua mnakusudia nini. Sisi mtu anakaa na msikilizaji mmoja ndani ya sakristia, mlango umerudishwa. Wengine wanangoja ndani ya ukumbi, na kuna mama anayewapa chai ili kelele za vikombe zifunike sauti.

MamaDiakonia, Katuba

Papa karani, avoka, mama wa Ruashi, na wewe mzee wa Kenya, Mungu awalipe. Nimechapisha majibu yenu yote, nitawasomea wazee. Nina maswali mawili ya mwisho. Daftari letu liandikwe nini? Na watu wakileta karatasi zao za parseli, tuzitunze kanisani? Wengi wananiomba, wanaogopa wezi na mchwa.

Karani mstaafu, Kamalondo

Daftari liwe na jina, namba ya simu, komini na kartie (mtaa), shida kwa mistari mitatu, na safu moja kubwa ya tarehe: karatasi ya mwisho ilipokelewa lini, siku ya kusikilizwa ni lini, mwisho wa kupinga au kukata rufaa ni lini. Hiyo safu ya tarehe mtu mmoja aipitie kila Jumamosi kabla ya kumpokea yeyote. Msitegemee kumbukumbu ya avoka, hata awe mzuri namna gani.

Karatasi za asili msizitunze. Najua mnaombwa kwa upendo, lakini siku kanisa likibadilisha mchungaji, au ukumbi ukiungua, au mzee mmoja akikasirika akaondoka na ufunguo, ninyi ndio mtakuwa mmekula parseli ya mtu. Pigeni fotokopi mbili mbele ya mwenyewe. Moja ibaki kwenye faili, moja aende nayo pamoja na ile ya asili. Mnunulie kila mtu bahasha ya plastiki ngumu, haizidi bei ya mkate. Mwambieni aiweke juu, mbali na udongo, na amwonyeshe mtoto mmoja mkubwa mahali ilipo. Kama ni livre de lojere au fishi tu ya kartie, mwandikieni kwenye faili kwamba bado hana cheti cha usajili, kwa sababu sheria ya ardhi ya 1973 inakitambua hicho kama ushahidi wa haki yake, na msimfiche jambo hilo. Kukitafuta ni safari nyingine, ya biro ya konsevatere, msajili wa ardhi, na ina gharama zake. Avoka wenu atamweleza ni lini aianze na akiwa na kiasi gani mfukoni.

Na kwa mama wa kwaya msingoje kufungua biro. Kesho mwulizeni waliandikisha ndoa komini gani na mwaka gani, kijana wa UNILU aende kuomba nakala. Ikiwa haikuandikwa, avoka amwone upesi, na mtafute waliokuwepo siku ya mahari wangali hai, maana hao ndio mashahidi wenu.